Mlango wa Beetle Unaposhuka: Jinsi Tunavyotengeneza Bawaba Zilizolika

Wateja wengi wanaotuletea Volkswagen Beetle za zamani katika karakana yetu hapa Mombasa hueleza tatizo lao kwa maneno yaleyale: mlango wa dereva haufungi mpaka uinuliwe kidogo kwa mkono, kisha usukumwe kwa nguvu. Wengi wao huja wakiamini kwamba kitasa kimeharibika. Mara nyingi kitasa ni kizima, na kinachowasumbua ni pini mbili za chuma zisizozidi urefu wa kidole, zilizomo ndani ya bawaba.

Beetle ina milango miwili tu, na kwa hiyo kila mlango ni mrefu na mzito kuliko ule wa gari la milango minne lenye ukubwa kama wake. Abiria wa nyuma naye hupitia hapohapo, na watu wana mazoea ya kuuegemea mlango wanaposhuka. Uzito huo wote huivuta bawaba ya juu kuelekea nje na kuisukuma ya chini kuelekea ndani, na kwa kuwa shinikizo hutoka upande uleule mwaka baada ya mwaka, tundu la pini haliliki kwa usawa bali hugeuka umbo la yai. Ulegevu wa milimita 1 kwenye bawaba huwa mkubwa zaidi unapofika kwenye kitasa, kwa sababu mlango ni mrefu kuliko nafasi iliyopo kati ya bawaba mbili. Hapa pwani hewa ya chumvi huzidisha madhara, kwani kutu huwa unga mkali unaosaga chuma kama msasa.

Hivi karibuni tulipokea Beetle ya rangi ya maziwa ambayo mwenyewe aliirithi kwa babake. Fundi mmoja aliyeishughulikia kabla yetu alikuwa ameingiza gongo kwenye mwanya wa mlango na kuukandamiza juu mpaka ukafunga, kisha akakisogeza chini kile kipande cha nguzo kinachopokea kitasa. Kwa majuma machache mlango ulifunga vizuri, kisha ukashuka tena, na safari hii ukingo wake wa chini ulikuwa umekwisha kukwangua rangi ya bodi hadi kwenye bati. Tulipoitoa pini ya juu, ilikuwa imekonda katikati kama kiuno cha nyigu, na unga uliomwagika kutoka kwenye tundu ulikuwa wa rangi ya ugoro, bila hata dalili ya oili. Tunaomba kwa moyo wote msikubali kazi ya namna hiyo, kwa sababu gongo hupinda bawaba bila kugusa chanzo cha ulegevu.

Unaweza kupima mwenyewe nyumbani. Fungua mlango nusu, ushike ncha yake kwa mikono miwili, uuinue polepole huku mwenzako akitazama bawaba. Ikiwa vipande viwili vya bawaba vinachezacheza kwenye pini, pini au tundu limelika. Ikiwa bawaba nzima inasogea juu ya nguzo ya bodi inayoubeba mlango, skrubu zimelegea. Lakini ikiwa nguzo yenyewe inatikisika, tatizo ni kubwa zaidi, kwani mihimili ya pembeni iliyo chini ya milango, ambayo pia hupitisha hewa ya joto, huenda imeliwa na kutu. Hapo tutakueleza wazi kwamba pini mpya hazitasaidia kitu mpaka bodi ichomelewe kwanza.

Kazi yenyewe huanza kwa kuubeba mlango juu ya jeki yenye ubao na kitambaa, na kuchora mstari kuzunguka bawaba ili tujue ilikokuwa. Pini hatuzigongi kwa nyundo. Tunazisukuma taratibu kwa kibanio cha skrubu, maana pigo moja baya hupinda bawaba na kupasua rangi iliyo jirani. Tundu husafishwa kwa mafuta ya taa na kupimwa kwa kalipa katika pande mbili zinazokatana. Likiwa bado la mviringo, pini mpya ya kipimo cha kawaida inatosha. Likiwa limelika kidogo, tunalipanua kwa uangalifu na kutia pini nene zaidi. Likiwa limelika sana, tunautoa mlango, na fundi wetu wa mashine ya kukereza huchonga bushi ya shaba, yaani kibomba kidogo kinachovishwa ndani ya tundu, inayokaa kwa kubana. Bawaba yenye ufa hatuichomelei, tunaibadilisha.

Skrubu za upande wa nguzo ndizo zinazotuchelewesha zaidi, kwa kuwa vichwa vyake vimezama na vimeshikana na kutu kwa miongo mingi. Tunazilowesha usiku kucha kwa mafuta ya kulegeza kutu, tunazipasha moto inapobidi, kisha tunatumia bisibisi ya kugongwa. Anayetumia bisibisi ya kawaida huharibu kichwa, na kutoka hapo kazi ya saa moja huwa ya siku nzima.

Uzalishaji wa Beetle hii ya zamani ulikoma mwaka 2003 huko Puebla, Meksiko, lakini pini za bawaba bado zinatengenezwa na hupatikana bila shida kubwa. Tukishazitia, tunasawazisha mianya ya mlango kwanza, halafu kipokezi cha kitasa, na mpira wa mlango huja mwisho, kwa sababu mpira mpya huusukuma mlango nje na unaweza kukudanganya.

Baada ya hapo, tia matone machache ya oili kwenye bawaba kila unapobadilisha oili ya injini. Bawaba nyingi za Beetle zina tundu la oili lenye kizibo kidogo cha plastiki, ambacho mara nyingi kimepotea au kimefunikwa na rangi. Tutakuonyesha tundu hilo lilipo siku ya kuchukua gari. Unapolileta, tafadhali usitoe kioo wala vifaa vya ndani ya mlango, kwa kuwa ni lazima tuurekebishe ukiwa na uzito wake kamili.