Simu zilale sebuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wazazi na walezi wa Mbeya kuhusu gemu. Wengi wanahofia gemu za bunduki zitazaa majambazi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019, uliohusu vijana wa miaka 14 na 15, haukuona kwamba wanaocheza gemu za mapigano ni wakorofi kuliko wenzao. Kinachowaumiza zaidi watoto wetu ni usingizi wanaopoteza, na jinsi gemu zilivyoundwa ili zisiachike.

Mwaka 1998 watafiti wa London walipima ubongo wa wanaume wanane wakicheza gemu ya kuendesha kifaru cha vita. Dopamini, kemikali inayomfanya mtu atamani kurudia jambo, iliongezeka, na waliofanya vizuri zaidi ndio iliowazidi. Dopamini si sumu. Hata mwenye njaa akiona ugali anaipata. Tatizo ni zawadi za ndani ya gemu zisizotabirika. Sanduku la zawadi likifunguka kila baada ya ushindi wa tano, mtoto hulizoea akachoka. Likifunguka leo mara ya pili na kesho mara ya kumi na tisa, anaendelea tu, maana huenda ikawa sasa hivi. Mashine za kamari za bonanza huendeshwa kwa kanuni hiyohiyo, na hizo sheria imezikataza kwa aliye chini ya miaka 18. Halafu sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosema "basi, inatosha", huendelea kukomaa hadi mtu amevuka miaka 20. Mtoto wa darasa la sita akiambiwa ajizuie mwenyewe, anadaiwa asichokuwa nacho.

Ugomvi mwingi nyumbani huanzia kwenye "zima sasa hivi!" Gemu ya mtandaoni haisimami kumsubiri mtu; akitoka katikati anapoteza pointi na kuwaangusha wenzake, ndiyo maana anajibu kwa hasira. Raundi ya Free Fire, gemu ya mapigano ya kwenye simu, ni kama dakika kumi. Basi hesabuni raundi badala ya dakika. Kubalianeni kabla hajawasha: raundi tatu, kazi za shule zikiwa zimeisha. Ya tatu ikianza mkumbushe kuwa ndiyo ya mwisho, na ikiisha uwe umesimama pale, upokee simu mkononi. Zima pia arifa za gemu kwenye mipangilio ya simu, kwani ujumbe wa "zawadi yako inakusubiri" ndio unaomrudisha. Namba ya siri ya pesa za simu asiijue kabisa.

Usingizi ndio mzito zaidi. Juni na Julai baridi ya huku, kuanzia Uyole hadi Makete, huwaingiza watoto kitandani mapema, na simu huingia nao. Taa imezimwa, mzazi anaamini mtoto kalala. Tazama pembeni mwa blanketi, utaona mwanga wa buluu unachezacheza. Mwanga huo huchelewesha homoni ya usingizi, na msisimko wa mchezo humweka macho zaidi. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Aliyezima simu saa sita usiku akaamka saa kumi na moja alfajiri amepata saa tano. Darasani atakuwa mzito, msahaulifu na mwepesi wa hasira, na watu watasema gemu imemharibu ubongo, kumbe hajalala. Simu zote, hata ya baba, zichajiwe sebuleni kuanzia saa mbili na nusu usiku.

Anayependa gemu si lazima awe mgonjwa. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu Januari 2022, ugonjwa wa gemu una dalili tatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote, na anaendelea ingawa madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Ukiziona, mpeleke hospitali kwa wataalamu wa afya ya akili. Ukimvunjia simu, atahamia kwenye kibanda cha gemu.

Na ninyi wenye vibanda vya Mwanjelwa na Kabwe, aliyevaa sare msimpe pedi ya kuchezea gemu saa za masomo, na jua likizama watoto warudi nyumbani.

Mdau wa afya ya akili ya vijana,
Mbeya