Mwana wa ami, yule Mbarouk si wetu

Mwana wa ami,

Assalamu alaykum. Ujumbe wako umenifika, na ile picha ya ukurasa uliyoniletea nimeisoma mpaka macho yakaniuma. Unasema humo umempata Mbarouk, baba yake Babu, na kwamba sisi basi ni Wamazrui, ule ukoo wa Kiarabu uliotawala Mombasa. Kweli imeandikwa Mbarouk bin Rashid. Kweli ni barua ya Waingereza. Na kweli Wamazrui waliwahi kuitawala Pemba kabla ya Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, kuichukua katika miaka ya 1820. Lakini nakuomba usianze kuwaandikia watu wa Mombasa kwamba sisi ni damu yao. Huyo ni Mbarouk wa Gazi, Mmazrui aliyepigana na Waingereza 1895, na mwaka uliofuata akavuka kwenda upande wa Wajerumani. Mbarouk wetu alikuwa na mikarafuu Pemba, na kwa yote tuliyosimuliwa hakupigana na mtu ila kwa mpaka wa shamba.

Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Kila watu wanaporudi likizo kutoka Muscat, London au Toronto, swali ni hilo hilo: jina letu la mwisho asili yake wapi? Na wote wanaanza kwa kuliandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Ubaya ni kwamba hilo si jina la ukoo. Unajua mwenyewe Wazanzibari tunavyoitwa: jina lako, la baba, la babu. Baba zetu ni watoto wa Babu, na Babu ni mtoto wa Mbarouk, basi. Baba yako alipojaza fomu ya pasi akaulizwa jina la ukoo, akaandika la tatu. Wewe ukazaliwa huko ukalirithi, na wanao wamelirithi, na sasa linaonekana kama lilikuwepo tangu enzi za Sayyid Said. Mbarouk mwenyewe hakuwahi kuitwa hivyo kwa jina la mwisho. Ukikutana na Mbarouk wa Lamu mna undugu kama walionao watu wawili wenye babu aitwaye Juma. Kwa hiyo swali la kwenda nalo kwenye nyaraka ni hili: Mbarouk bin nani?

Hapo ndipo wazee wetu wanapoanza kukohoa. Shangazi anasema bin Rashid, kisha anabadilisha mazungumzo. Nadhani unafahamu kwa nini. Jina hilo lilivaliwa na mabwana na lilivaliwa na watumwa. Mabruki, jina ni hilo hilo, aliyefuatana na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke kwenda bara mwaka 1857 alikuwa mtumwa. Majina ya baraka na furaha watu walipewa waliponunuliwa, hawakuyachagua. Na aliyeachwa huru mara nyingine alijinasibisha kwa ukoo wa bwana wake, na wajukuu wakakua wakidhani ni nasaba ya damu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 upepo ukageuka, waliokuwa na nisba (jina la ukoo) ya Kiarabu wakaona bora waiache. Kisha katika miaka ya 1970, Oman ilipofungua milango, nisba zikatafutwa tena mpaka kwenye makasha ya bibi, kwa sababu sasa zilikuwa na faida. Jina limeingia na kutoka kwa kila hali. Huwezi kulishika peke yake ukadhani umeshika ukoo.

Mimi nimeacha kulifuata jina, nafuata shamba.

Sikiliza kwa nini. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na tokea hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ikitoa karafuu nyingi. Shamba likawa mali ya kukopea. Mtu akitaka fedha kabla ya mavuno huliweka rahani, au huliuza kwa bei khiyari, maana yake anauza kwa sharti la kulikomboa akirudisha fedha. Na kila mkataba wa namna hiyo ulihitaji hati, na hati haikubali kusema "shamba la Mbarouk" ikanyamaza. Inataka mipaka. Kaskazini shamba la fulani bin fulani, kusini njia, mashariki shamba la binti fulani, magharibi bonde. Mipaka minne haidanganyi kwa pamoja. Sisi jina la shamba tunalijua, na majirani wawili wajukuu zao wapo hai. Mbarouk nitakayemkuta kati ya mipaka hiyo, yeye ndiye, hata kama mwandishi ameliandika jina lake Mabrook.

Nyaraka za Taifa ziko Kilimani, Unguja, unapajua. Ukija, ulizia kibali mapema na uje na penseli. Barua za ubalozi wa Kiingereza zimo katika fungu la AA, majalada ya serikali ya himaya katika AB. Humo utaona orodha za Rigby, yule balozi ambaye 1860 na 1861 aliwaandikisha watumwa waliotolewa mikononi mwa Wahindi raia wa Kiingereza. Lakini sisi watu wa Pemba linalotuhusu zaidi ni amri ya kukomesha utumwa ya tarehe 6 Aprili 1897. Wengi wanadhani siku ile watumwa wote waliamka huru. Haikuwa hivyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake, na bwana akilipwa fidia. Masuria waliwekwa kando mpaka 1909. Palipo na fidia pana karatasi, na karatasi hiyo inataja aliyeachwa huru na bwana aliyemwacha. Angalia tarehe tu, ikiwa imeandikwa kwa Hijria: mwaka 1314 wa Hijria ulianza katikati ya 1896 ukaisha katikati ya 1897, kwa hiyo usiukate kwa mwaka mmoja wa Kizungu.

Halafu kuna hati za wakfu, na hapa nitakuchosha kidogo, kwa sababu ndizo ninazozipenda. Sisi katika kuhesabu nasaba tunawaruka wanawake kana kwamba wanaume walizaana wenyewe. Hati ya wakfu haiwaruki. Mwanamke mwenye nyumba au miti yake anaweka wakfu, na inabidi aseme nani atanufaika: watoto wake, kisha watoto wao, na mara nyingi na watu wake aliowaacha huru, kwa majina. Karatasi moja inakupa vizazi viwili na watu wa nyumbani wote, wa damu na wasio wa damu. Ndiyo maana nimekuuliza mara mbili jina la mama yake Babu ukanijibu "sijui, bibi tu". Nenda kamuulize baba yako. Binti nani, wa wapi, alizikwa wapi.

Huko ng'ambo unakoishi usipoteze muda kila mahali. Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, zimo barua za wizara zao. Wamisionari wa Kwekeri (Quaker, dhehebu la Kikristo) waliofika Pemba 1897 na kukaa Banani, karibu na Chake Chake, karatasi zao ziko Friends House, London hiyo hiyo, na waliishi na watu walioachwa huru, kwa hiyo pitia. Zipo pia barua za wafanyabiashara wa Salem, Marekani, nyingi ni pembe, ngozi na merikani, yaani kitambaa cha pamba. Ule mkusanyo wa Winterton ulioko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, na utaupenda, lakini tafadhali: picha nyingi za zamani watu wake hawakuandikwa majina. Usimchague mzee mwenye kilemba kizuri ukatutumia kwenye grupu la familia ukisema ndiye Mbarouk. Shangazi ataiweka kwenye fremu, na hatutaweza kuiondoa tena.

Tukimkuta Mbarouk kwenye orodha ya fidia kama mtumwa aliyeachwa huru, mimi nitamwambia Shangazi mwenyewe, kwa taratibu na akiwa ameshakula. Wewe usiandike kitu kabla yangu. Nadhani anajua tokea zamani, na kinachomkera ni kuulizwa mbele za watu.

Kwa sasa nataka vitu viwili kutoka kwako. Kile cheti cha kuzaliwa cha baba yako, kipige picha pande zote mbili, maana nyuma kuna mihuri na maandishi ya mkono. Na ile barua ya Kiarabu aliyokuwa akiiweka ndani ya msahafu, usiikunjue kwa nguvu. Ipige kama ilivyo, mchana, karibu na dirisha, uniletee.