Msiing'oe mimea ya ufukweni

Mhariri,

Naomba nafasi niisemee mimea ya ufukweni, ambayo wanaojenga hoteli na nyumba za pwani huing'oa wakiiona magugu. Mmojawapo hutambaa mchangani, jani lake limepasuka mfano wa kwato ya mbuzi, ua lake la zambarau. Upepo ukiupiga hupungua kasi na mchanga hudondoka. Ukifukiwa, huchomoza juu na kutoa mizizi mipya kwenye shina lililozikwa. Ndivyo tuta la mchanga linavyopanda, kidogo kidogo. Niliwahi kufukua shina moja kwa vidole. Kila pingili ilikuwa imeng'ang'ania mchanga.

Bahari ikichafuka, tuta hutoa mchanga wake na kuvunja nguvu ya wimbi. Ukuta wa zege hulirudisha wimbi, nalo hukomba mchanga ulio mbele yake, ufuko ukazidi kuwa mwembamba. Hata mwani unaofagiliwa kila alfajiri ni mbolea ya miche hiyo!

Waliokwisha kujenga waweke vivuko vya mbao juu ya matuta, na wazungushie kamba palipokanyagwa. Mimea hii hustahimili chumvi na jua kali, lakini nyayo zetu haiziwezi.

Msomaji wako