Matajiri wa malori, msiwakate madereva mshahara kwa laina ya injini iliyotobolewa na maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na matajiri wa malori yanayopita hapa Makambako kwenda Tunduma na Songea.

Lori linaletwa gereji, oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na kabla sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, haijafunguliwa dereva ameshakatwa mshahara kwamba ameua injini. Wanaonewa. Mwezi huu nimechomoa laina, yaani bomba la chuma ambalo pistoni hupanda na kushuka ndani yake huku maji ya kupoza yakilizunguka kwa nje. Ndani ilikuwa safi, michirizi ya kiwandani bado inaonekana. Nje, ubavu ule ambao pistoni huuegemea, vitobo vilikuwa vimejipanga wima kama mbao iliyoliwa na bungua. Nilipoiinua juani, mwanga ukapenya. Hapo ndipo maji yalipopitia kuingia kwenye oili. Uendeshaji gani unatoboa chuma kwa upande wa maji?

Injini ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 15 kwa sekunde. Kila ikiwaka, pistoni inapiga ubavu wa laina, laina inatetemeka, na maji ya nyuma yake yanafanya vipovu vya mvuke. Vipovu vikipasukia kwenye chuma vinakimega, chembe kwa chembe, hadi kitoboke. Kulanti (kimiminika cha kupozea) ya injini hizi kubwa ina dawa, nyingi zikiwa na nitriti, inayoivika laina utando mwembamba; ukimegwa, dawa inaujenga upya. Maji ya bomba au ya kisima hayana dawa hiyo, tena yanaacha magadi.

Tajiri mmoja aliniambia kulanti ni ya nchi za barafu. Hapana. Kuzuia kuganda ni kazi yake moja tu. Na yale maji ya rangi yanayouzwa barabarani kwenye chupa zisizo na maelezo msiyaamini. Rangi haipimi dawa. Zipo karatasi za kupimia nitriti, unachovya na kusoma. Dawa huisha kwa matumizi, na ikizidi nayo huziba rejeta, kwa hiyo kipimo kifuatwe kama kitabu cha injini kinavyosema.

Lori likichemka mlima Kitonga, utingo hushuka na dumu na kutia maji yoyote anayoyapata. Simlaumu, ni dharura. Lakini likifika, maji yale yamwagwe, mfumo usafishwe, itiwe kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi, nusu kwa nusu. Mfuniko wa rejeta wenye springi iliyolegea ubadilishwe, maana presha ikishuka vipovu huongezeka. Na mafundi wenzangu, acheni kung'oa themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Injini ikibaki ya baridi pistoni inacheza zaidi na kugonga zaidi.

Mnawapa madereva fedha ya dizeli na ya njiani. Wapeni na ya kulanti, na mshahara mliokata kwa laina za namna hii warudishieni.

Fundi wa injini za dizeli,
Makambako, Njombe