Daktari anataka nipungue, mume wangu hataki

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu mambo. Mi ni mama wa miaka 29 niko Nkuhungu hapa Dodoma, naombeni ushauri maana nimechoka kulia peke yangu.

Mwaka jana nilifungwa waya za meno, nilidunduliza miaka mitatu hela ya stationari maana meno ya mbele yalipandana, nikicheka naziba mdomo. Mwanzoni sikuona shida. Sa hivi ni mwezi wa tisa tangu nifungwe, fizi zimevimba nyekundu, zingine zinapanda hadi kwenye vile vyuma, nikipiga mswaki natema damu, na mdomo unanuka hadi naogopa kuongea na mteja karibu. Na mswaki napiga jamani, mara tatu kwa siku, na kile kimswaki cha kupitisha chini ya waya ninacho!

Juzi nimeenda kukazwa waya, daktari akasafisha ugaga, akasema uchafu unaonasa kwenye waya ndo chanzo, ila akanipandisha kwenye mzani. Kilo 94, urefu sentimita 160. Akasema mafuta yakizidi mwilini hayakai tu, yanatoa kemikali zinazochochea uvimbe, kwa hiyo ukoga kidogo tu fizi zangu zinaumuka kuliko za mwenzangu. Akanipimisha na sukari maana ikipanda fizi zinaharibika zaidi, namshukuru Mungu iko sawa. Ila zisipotulia atafungua waya, kwa sababu ukivuta meno huku fizi zinaumwa mfupa unaoyashika unaweza kulika na ukishalika haurudi.

Soda nimeacha. Tatizo baba watoto. Anasema alinioa na mwili wangu, nikikonda ndugu zake watasema hanilishi, wengine watasema naumwa. Nikijipakulia ugali kidogo na mlenda ananiongezea, jioni anarudi na chipsi mayai kwenye mfuko, kaninunulia kwa upendo kabisa yani, nikikataa ananuna mpaka asubuhi. Nampenda na sitaki aone namdharau.

Nimwambieje akaelewa, au niende nae kwa daktari akasikie mwenyewe? Na nyie mliowahi kufunga waya mkiwa na mwili kama wangu, nifungue nipungue kwanza au nivumilie hivi hivi nikiendelea kusafishwa? Zaidi ya nusu ya hela nimeshalipa.

Mama wawili, Nkuhungu