Kioo ndicho kibovu, mbona fremu ing'olewe?

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme jambo linalowagharimu wengi huku pwani.

Natunza nyumba moja hapa Casuarina, Malindi, mwaka wa 16 sasa. Ina madirisha 11 ya alumini yenye vioo viwili viwili, na kusi ikivuma chumvi ya bahari hutupata sisi kwanza. Mwaka jana vioo vilianza kushika ukungu. Fundi aliyeitwa alisimama sebuleni, hakugusa hata komeo, akasema yote yang'olewe. Mwenye nyumba alikuwa karibu kukubali. Nilimwomba anipe asubuhi moja.

Nilichukua kitambaa kikavu. Dirisha la chumba cha kulala lilikuwa jeupe tangu alfajiri. Nikalipangusa kwa nje, likang'aa. Halikuwa na ubovu. Kiyoyozi kikiwaka usiku kucha kioo hupoa, na hewa yetu yenye unyevu ikikigusa kwa nje hufanya umande, kama gilasi ya maji ya barafu. Mengine matatu nilipangusa nje, nikapangusa ndani, ukungu haukutoka. Ulikuwa katikati, mahali mkono haufiki.

Huo ndio ugonjwa wenyewe. Vioo hivyo huunganishwa kwa gundi kiwandani, kati yake ukanda mwembamba uliojazwa chembe za kunyonya unyevu. Gundi ya pembeni ikichoka, unyevu huingia, chembe zikashiba, ukungu ukakaa. Kupaka silikoni juu yake ni kuufungia unyevu ndani. Wako wanaotoboa kioo ili wakikaushe. Ukungu huondoka, lakini ile gundi hairudi. Dawa ni kubadilisha vioo, fremu ibaki. Tulipima urefu, upana na unene (vyetu ni milimita 20: kioo cha 4, nafasi ya 12, kioo cha 4), tukaagiza jozi 3.

Fremu tuliyoing'oa ni moja tu, ya bafu la juu. Ilikuwa imelika pembeni, unga mweupe unadondoka, skrubu za chuma zimeozea ndani ya alumini, dirisha halifungi na mvua ya masika inaingia ukutani. Hiyo haikuwa ya kutengenezwa, na fundi akisema hivyo simlaumu.

Madirisha saba yaliyobaki yalitaka mipira mipya ya kuziba pembeni mwa vioo na bawaba mbili tatu, na vile vitundu vya kutolea maji chini ya fremu vizibuliwe mchanga. Jamani, vitundu hivyo! Hakuna anayevitazama, na maji yakituama pale ndiyo yanayoimaliza gundi ya vioo.

Nawaomba mafundi wetu wa alumini waandike bei ya vioo peke yake, ya mipira peke yake, na ya fremu peke yake. Fundi wa pili alituandikia hivyo, kwenye karatasi ya daftari, na mwenye nyumba akaamua siku ile ile.

Mtunza nyumba,
Casuarina, Malindi