Mzee anataka tungoje bei ya ngano ipande, mimi naona tuuze

Ndugu Mhariri,

Sisi ni wakulima wa Moiben, Uasin Gishu. Kombaini imeshamaliza kazi na ghalani tuna magunia 240 ya ngano, ya kilo 90. Broka amekuja na bei ya shilingi 4,600 kwa gunia, pesa taslimu, na lori lake mwenyewe. Mzee wangu, yaani baba, amemkatalia. Anasema tungoje hadi Machi, ngano ya majirani iishe, wasagaji watutafute wenyewe.

Mzee anaukumbuka mwaka 2022. Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi wa Februari, bei ilipanda dunia nzima, kwa kuwa nchi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano inayovuka mipaka. Mwezi uliofuata bei ya soko la Chicago, Marekani, ambalo wafanyabiashara wa ngano duniani hulitazama, ilifika juu kuliko wakati wowote uliopita. Mwaka huo Mzee aliuza vizuri, na tangu hapo kila msimu anaungojea urudi. Anachosahau ni kwamba tulipokuwa tukivuna, ile bei ya Chicago ilikuwa imeshapoteza sehemu kubwa ya ilichopanda.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la shamba. Tuna mkopo wa chama wa shilingi 400,000, riba asilimia moja na nusu kwa mwezi. Hizo ni shilingi 6,000, yaani shilingi 25 kwa kila gunia kila mwezi linapokaa ghalani. Miezi minne ni shilingi 100. Halafu kuna unyevu. Kipimo kilionyesha asilimia 14.5, na msagaji hapokei ngano iliyozidi 13.5. Tukiianika ifike 13, kila gunia litapungua karibu kilo moja na nusu, kwa hiyo magunia kama manne yatakuwa yameondoka na upepo. Ukijumlisha hayo, na bado sijagusa dawa ya fukusi, bei ya Machi lazima ikaribie 4,800 ndipo tuwe pale pale tulipo leo. Mzee husema ngano haiozi. Ngano kavu, ndiyo. Hii yetu tukiifungia ilivyo, itapata joto na ukungu kabla ya Krismasi kupita.

Na Januari haitungoji: kuna karo, na mwenye shamba tunalokodi anataka pesa zake kabla trekta haijaingia.

Lakini simdharau Mzee. Broka hapimi unyevu kwa sababu ameshaukata kwenye bei, na anajua wakati huu kila mtu ana ngano na kila mtu ana deni. Kuna pia ule mpango wa ushuru. Ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano kutoka nje ni asilimia 35, ila wasagaji waliosajiliwa hapa Kenya wamekuwa wakiruhusiwa kulipa 10, kwa sharti kwamba wanunue kwanza ya wakulima wa nyumbani. Mzee anasema sharti hilo ndilo ngao yetu. Mimi nauliza, litatusaidia nini Machi, ikiwa msagaji ameshatimiza fungu lake kwa kununua kwa wenzetu waliouza mapema?

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba bei yetu haiamuliwi Moiben. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya huingia kwa meli Mombasa. Argentina na Australia huvuna kati ya Novemba na Januari, kwa hiyo miezi ambayo Mzee anaitegemea kuwa ya uhaba ndiyo ambayo wao wana ngano mpya ya kuuza. Kisha kuna dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Mwagizaji akapata nafuu kubwa bila mkulima yeyote wa nje kupunguza bei hata senti. Shilingi ikidhoofika tena, Mzee atakuwa mshindi na mimi nitanyamaza. Mahindi yangekuwa rahisi, maana bei ikiharibika tungekula wenyewe. Ngano gunia 240 nani atazipika chapati?

Nimependekeza tuuze magunia 120 sasa tulipe chama, na yaliyobaki tuyaanike tuyapeleke wenyewe kwa msagaji kabla ya mwisho wa Januari. Mzee anaona huko ni kugawa hasara mara mbili, na nauli ya lori la pili itakuwa juu yetu.

Naomba wenzangu waliouza moja kwa moja kwa wasagaji waniambie: malipo huchukua muda gani kufika benki, na wanakata kiasi gani punje zikiwa nyepesi? Je, kuna aliyeweka ngano, si mahindi, kwenye ghala la stakabadhi, yaani ghala linalokuhifadhia mazao na kukupa hati ya kuyathibitisha, chini ya ile sheria ya 2019, akakopeshwa kwa stakabadhi hiyo? Na nitamwonyeshaje Mzee daftari hili bila aone kwamba namnyang'anya shamba? Broka amesema atapita tena Jumatatu.

Mwana wa mkulima,
Moiben